Soya yangu Nachingwea imekuwa njano, na mbegu nilipewa kutoka shamba zuri

mkulima_wa_jioni: Wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Nachingwea. Shemeji yangu wa Songea alinitumia mbegu za soya; kwake mwaka jana zilizaa mpaka nikaona wivu. Kwangu zina wiki ya sita, majani njano tupu. Nimeng'oa mashina matano, kila moja lina vinundu viwili vitatu kwenye mizizi, nikipasua kwa ukucha ndani ni vyeupe. Kwani wale bakteria wa vinundu, wanaoupa mmea naitrojeni, hawaji na mbegu?

bwana_mikunde: Hawaji, mkuu. Mche wa soya hujiokotea rizobia, ndio bakteria hao, udongoni. Wangekuwa wanatengeneza naitrojeni, ungeona wekundu kama nyama ndani ya vinundu. Nahisi shamba hilo halijawahi kulimwa soya. Kunde na mbaazi hazina maringo, hupokea bakteria wa huku huku. Soya inachagua.

mama_choroko: Hapo ndipo ninaposhangaa. Vidukari, hawa wadudu wadogo wafyonzaji wanaomaliza kunde zangu, wana bakteria wao, Buchnera, mama anampa mwana tangu tumboni. Mmea umeshindwa nini?

bwana_mikunde: Swali limempita mwenye uzi, hahaha. Buchnera ni mtoto wa nyumbani. Kidukari asipozaa, na ukoo wa Buchnera wake umeishia hapo, hana pa kuhamia. Akimdhoofisha mwenyeji anajimaliza mwenyewe. Rizobia ni kibarua wa msimu: mmea ukifa, wengi hurudi udongoni kusubiri mwingine. Kwa hiyo mvivu anayekula sukari ya mmea bila kufanya kazi angeweza kunenepa na kujaza shamba. Soya haikubali. Mwaka 2003 mtafiti Toby Kiers na wenzake walitoa jaribio lao: waliwanyima bakteria naitrojeni ya hewa kwa kuweka agoni, gesi wasiyoweza kuitumia, mahali pake. Kazi ikasimama, na bakteria wa vinundu hivyo wakazaana kidogo kuliko wenzao; inaonekana mmea uliwabania oksijeni. Hulimi, hulipwi.

Kwako wewe, msimu huu okoa kwa urea kidogo. Msimu ujao tafuta chanjo ya rizobia ya soya yenyewe, yaani bakteria hai wa kupaka mbegu, changanya na mbegu kivulini kwa maji ya sukari, panda siku hiyo hiyo. Usiianike, jua la kwenu litawaua wote.

mkulima_wa_jioni: Asante sana. Na shemeji akinipakilia debe la udongo wa shambani kwake kwenye basi?

mama_choroko: Inakubali, watu walifanya hivyo zamani. Ila debe halichagui abiria mwanangu, minyoo fundo wanaoshambulia mizizi nao watapanda basi hilo hilo.