Nawafundishaje watoto habari za tauni ya zamani bila kuwatisha?

Mwalimu_wa_Muheza

Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha darasa la sita, na kila Ijumaa nina klabu ya historia. Juzijuzi tulisoma habari za msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na jinsi alivyomsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, baada ya Kilwa aliishia wapi?" Nikaenda kusoma. Kumbe mwaka 1348 alikuwa Damascus, Syria, tauni inaua watu, na akiwa njiani kurudi kwao Morocco akaletewa habari kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni hiyohiyo.

Ijumaa iliyofuata nikawasimulia, ila nilianzia pabaya. Nilianza na hesabu ya vifo: kwamba kati ya 1347 na 1351 Ulaya ilipoteza theluthi moja ya watu wake, pengine nusu. Kisha nikaingia kwenye mitoki, homa, na watu kutapika damu. Darasa likawa kimya. Mvulana mmoja aliyefiwa na baba mwezi wa pili akatoka nje, hakurudi. Mwingine akasema, "Walikuwa wachafu, ndiyo maana," na wenzake wakaitikia. Jumatatu akaja mzazi kuniuliza mbona mwanawe anaogopa panya, haingii tena stoo.

Sitaki kuliacha somo hili njiani. Nianzie wapi upya?

Baba_Nuru

Dada, mimi ni mzazi tu, si mwalimu. Naona uliache. Mtoto wa miaka kumi na miwili mfundishe kunawa mikono, hayo ya vifo atayakuta ukubwani.

Mstaafu_Mlalo

Mwalimu, pole na kazi. Baba Nuru, nakuelewa, lakini yule mtoto ameshaanza kuogopa stoo. Ukimwachia hapo, umemwachia hofu peke yake.

Nimefundisha miaka mingi, sasa nimestaafu nipo Mlalo. Kwetu sisi wa Lushoto tauni si habari ya Ulaya. Miaka ya 1980 na 1990 ilitupiga huku milimani, na tumezika. Nakumbuka asubuhi moja kwa shangazi yangu: panya yuko karibu na mafiga, mchana kweupe, anayumba, hakimbii mtu. Mjukuu akanyoosha mkono amshike mkia. Shangazi alimvuta kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Mahindi tulikuwa tunayaweka darini, watoto wanalala chini kwenye mkeka, na dari ile imejaa panya. Bwana afya alipokuja na dawa ya unga hakuanza na sisi, alianza na dari.

Mimi ningeanza na panya huyo. Panya akifa, mwili unapoa, na kiroboto hakai kwenye mwili uliopoa. Anatafuta joto jingine. Na kiroboto mwenyewe ni mgonjwa: vijidudu vimemziba tumbo, damu haishuki, ana njaa, basi anauma na kuuma tena, na kila akiuma anavirudisha vile vijidudu kwenye jeraha.

Toka nao uwanjani. Chora meli kubwa kwa kijiti. Watoto kumi wawe panya, watano mabaharia. Wape panya wawili punje za mahindi mkononi, hizo ndizo viroboto. Ukipiga kofi, panya mwenye punje anachuchumaa, amekufa, na punje zake anampa panya aliye karibu. Endelea hivyo. Panya wakiisha, punje zinaenda kwa nani? Usiwaambie, waache waone wenyewe. Ndipo uwaeleze kwamba Oktoba 1347 meli za Wagenoa, watu wa Genoa huko Italia, kutoka Bahari Nyeusi zilitia nanga Messina, kisiwani Sicily, na mabaharia tayari wanaumwa.

Hilo la uchafu usiliache lipite. Ibn al-Wardi alikuwa mwanachuoni wa Aleppo, akaandika juu ya tauni, na mwaka 1349 ikamuua yeye mwenyewe. Madaktari wa chuo cha Paris walipoulizwa na mfalme walijibu kwamba chanzo ni sayari tatu zilizokutana angani mwaka 1345. Walikuwa watu wenye akili, hawakuwa na hadubini ya kumwona adui. Kijidudu chenyewe kilikuja kuonekana 1894, Hong Kong, na Alexandre Yersin.

Na anayesema "ni wachafu" mwambie neno kama hilo liliwafikisha wapi watu. Strasbourg, Februari 1349, Wayahudi walichomwa moto kwa tuhuma ya kutia sumu visimani, na wakati huo tauni yenyewe ilikuwa bado haijafika mji huo. Papa Clement wa Sita aliandika wazi kuwa tuhuma hiyo haina msingi. Kisha uwarudishe kwa Ibn Battuta wao: aliona watu wa Damascus wamefunga siku tatu, wakatoka mjini pamoja, Waislamu na misahafu, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wanalia na kuomba. Watoto wote wasikie habari hizo mbili siku moja.

Kwa yule aliyefiwa, kaa naye pembeni kabla ya kipindi. Mwambie utakachofundisha, na achague mwenyewe kuingia au la. Na wote waambie mapema kabisa: siku hizi tauni inatibika kwa antibayotiki mgonjwa akiwahishwa, na panya aliyekufa hashikwi, anaitwa mtu mzima.

Kijana_wa_Maabara

Shikamoo mzee. Naongeza machache. Zile picha za daktari mwenye barakoa ya mdomo wa ndege ni za karne ya 17, Mwalimu usizitumie kwa 1348. Pia wapo watafiti wanaoona viroboto na chawa wa binadamu nao walichangia, kwa hiyo panya asibebe lawama yote. Na usisahau mji wa bandari wa Ragusa, sasa Dubrovnik, Kroatia: mwaka 1377 waliamuru wanaotoka penye tauni wakae nje ya mji siku thelathini. Baadaye zikawa arobaini, ndipo likazaliwa neno karantini.

Mstaafu_Mlalo

Marahaba mwanangu. Hilo la barakoa hata mimi nimelifundisha vibaya miaka yote.

Mwalimu_wa_Muheza

Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Jana tumecheza. Punje zilipofika kwa baharia wa kwanza walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Yule mvulana nilikaa naye asubuhi, akasema ataingia ila hataki kuwa panya wala baharia. Nikamfanya mlinzi wa Ragusa, ahesabu siku kwa mistari ya chaki ukutani. Alikuwa amefika ya ishirini na mbili kengele ilipolia. Amenisihi mtu asifute, Ijumaa ijayo aendelee.