Ndege ya kunyunyizia dawa imeanguka ikipaa: nitoe maelezo gani kwa wachunguzi?

Mpakiaji: Ndugu zangu, kazi yangu ni kuchanganya dawa ya magugu na kujaza tangi la ndege. Wiki iliyopita, saa saba mchana, ndege yetu ilikimbia kiwanja chote cha nyasi, ikainuka kidogo, kisha ikashuka na kugonga tuta. Rubani amevunjika mtulinga. Kesho nitahojiwa. Je, mtu asiye rubani analazimika kueleza mambo ya kuruka?

Rubani Mstaafu: Pole, kijana. Joto huifanya hewa kuwa nyepesi, hivyo injini hupungukiwa nguvu na mabawa hushindwa kubeba mzigo yanaoubeba kukiwa na baridi. Mimi niliwahi kuruka ua wa shamba huku nimefumba macho. Tangi lilikuwa na lita ngapi?

Mpakiaji: Kitabuni zimeandikwa 600.

Rubani Mstaafu: Sikuuliza kitabu.

Mpakiaji: Zilikuwa 800. Rubani aliagiza 600, nami nikaongeza ili shamba liishe kwa safari moja, kwa kuwa alfajiri moja ndege hiyo hiyo ilipaa na 800 bila taabu. Ile 600 niliiandika baada ya ajali, ila kwa kalamu ile ile.

Bi Mizani: Lita 200 za maji ni kilo 200. Umemtwisha mwenzako mzigo huo bila kumwambia, kisha unatusifia kalamu?

Mwanashaka: Huu ni utunzi. Ndege hizo zina mkono wa dharura unaomwaga dawa yote kwa muda mfupi. Rubani aliyelemewa angeuvuta.

Mpakiaji: Aliuvuta, akachelewa. Nyasi zilizoungua zinaanzia hatua kama thelathini kabla ya tuta, na kila siku zinazidi kuwa za manjano. Ndiyo maana nasema hakuna atakayeweza kupima kilichokuwemo.

Mwanashaka: Mkono huo umeuleta baada ya mimi kuutaja. Sisadiki.

Rubani Mstaafu: Iwe kweli au uongo, Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia nyingine, si wa kugawa lawama, ingawa kesi inaweza kufunguliwa kando, basi mwone wakili kabla ya kesho. Lakini fikiri: rubani aliagiza 600, kitabu kinasema 600, na ndege haikupaa. Watamtazama nani?

Mpakiaji: Nilimtembelea jana. Aliniambia huenda mikono yake imezeeka.