Mawakili wa kike wa Pwani ya Kenya mlioacha korti: mlitolewa na nini? Tupeane uzoefu

BintiKibokoni
Asalaam aleikum. Kila Januari nikilipia leseni ya uwakili najiuliza ya nini. Wasichana wa Kiswahili, Kisomali na Kimijikenda niliosoma nao mpaka chuo cha sheria kule Karen, wengi hawaonekani kortini tena. Mmoja auza mabuibui Marikiti, na biashara yamwendea. Watu husema ni watoto. Mimi siamini ni watoto tu. Mlioondoka, semeni.

MamaZuhura
Mimi nilitolewa na mafaili. Ofisi yetu ilikuwa na kazi za meli, bima na viwanja. Pesa iko huko. Ada ya kuhamisha kiwanja hupimwa kwa thamani ya kiwanja, si kwa jasho la wakili, kwa hivyo ploti moja ya Nyali yaweza kushinda rundo la talaka. Mimi nikipewa talaka, malezi ya watoto pale Tononoka, na mirathi kwa Kadhi. "Wewe wawaelewa kina mama." Ni kweli nawaelewa, na hawana pesa! Ikifika siku ya kuangalia nani kaingiza ngapi, fungu langu jembamba. Na anayeniuliza kwa nini ni yuleyule aliyenigawia. Sasa niko kampuni moja, idara ya sheria. Mshahara waingia mwisho wa mwezi, nalala.

Ganjoni_Girl
Mimi Msomali. Korti ngeni karani huniuliza, "Wewe ni shahidi ama mshtakiwa?" Na bendi nyeupe, kile kitambaa cha uwakili, iko shingoni. Mara ya kwanza wacheka. Mteja naye akija ofisini hunisalimia vizuri, kisha akae angoje wakili "mwenyewe". Nimeomba kazi ya uhakimu. Ukikaa pale juu hawakuulizi.

Mzee_wa_Makupa
Kwa heshima, kina dada, pupileji, yale mafunzo ya kazi chini ya wakili mkubwa, hata sisi ilitutesa. Miezi sita ya kubeba mafaili, nauli yako mwenyewe. Kazi hii ni ngumu kwa kila mtu.

MamaZuhura
Kaka, pupileji sote tuliila. Baada ya hapo, mteja wako wa kwanza wa bandarini alikujulisha nani?

Mzee_wa_Makupa
Mkubwa wangu. Tulikuwa tukikutana kwenye kahawa baada ya isha.

MamaZuhura
Haya. Mimi hapo kwenye kahawa ningekaa wapi?

Umm_Sumayya
😂 Mzee kanyamaza.
Langu fupi. Sheria ya ajira ya 2007 yatoa likizo ya uzazi miezi mitatu kwa malipo. Lakini mimi sikuwa mwajiriwa, nililipwa kwa faili. Niliporudi mafaili yangu yashagawanywa. Hakuna aliyenifukuza, ila sikuwa na kazi.

Mvita_Ughaibuni
Niko Marekani. Chama cha mawakili cha huku kilitoa ripoti 2006, na nyengine 2020, kuhusu mawakili wanawake wasio Wazungu. Someni mshangae: kazi nzuri haziwafikii, na wao pia hudhaniwa makarani.

Mwanasheria_Mpenda_Mirathi
Mimi kugawa mirathi ndiko nikupendako. Kifungu cha 170 cha katiba chataka kadhi awe Muislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu. Jinsia hakikutaja. Nikilisema hilo nyumbani, ami zangu hunijibu kabla sijamaliza. Sasa nasomesha.

Wakili_MwembeTayari
Mimi nilitoka nikafungua changu. Chumba kimoja, twagawana kodi wanawake watatu na karani mmoja. Kesi za kutajwa, zile za kupanga hatua tu bila kusikilizwa, nyingi siku hizi ni kwa mtandao, mtoto akiwa na homa siku haipotei. Na viwanja vyaja, hasa vya Kwale: kina mama wanaouza urithi na hawataki kudhulumiwa. Mwaka wa kwanza lakini msidanganywe, kodi niliilipa kwa mahamri.

BintiKibokoni
Mahamri?

Wakili_MwembeTayari
Mamangu akipika, mimi nikiwauzia makarani wa korti. Ndio walionijulisha wateja!

BintiKibokoni
Kiti cha nne kipo?

Wakili_MwembeTayari
Nafasi ipo. Njoo Jumatatu, ila meza uje nayo.