Mkataba wa haki za mafuta kwenye ardhi yetu Texas unakaribia kwisha: tuurefushe au tuuache?

Mwenye Shamba

Ndugu wanajukwaa, salaam. Marehemu mume wangu alituachia, mimi na watoto, ekari 160 magharibi mwa Texas pamoja na haki za mafuta na gesi zilizo chini yake, kwani Marekani, tofauti na kwetu ambako madini ni mali ya umma, mtu binafsi anaweza kumiliki kilichomo chini ya udongo na hata kukiuza kando na ardhi yenyewe. Alikuwa ameipangishia haki hizo kampuni moja kwa miaka mitatu. Kampuni ililipa malipo ya kusaini, lakini haijachimba kisima chochote. Sasa wakala wake ameniletea karatasi moja ya kurefusha mkataba kwa miaka miwili, kwa malipo yaleyale kwa kila ekari na mrabaha uleule, yaani fungu la mwenye haki katika mapato ya kisima, wa moja ya nane, na ananihimiza nisaini kabla muda haujakwisha. Watoto wangu wanataka tupokee fedha hizo. Mimi nasita, na ningependa kusikia kutoka kwa wanaoyafahamu mambo haya.

Msomaji wa Mikataba

Mama, pole sana kwa kuondokewa na mwenzio. Usisaini karatasi hiyo kama ilivyo. Mkataba wa aina hii, ikiwa hakuna uzalishaji wala uchimbaji ulioanza, hufa wenyewe siku kipindi chake cha awali kinapokwisha, na haki zote hurudi kwako bila ya wewe kudaiwa chochote. Kwa hiyo anayebanwa na tarehe ni kampuni, na ndiyo maana wakala ana haraka.

Kwanza, hata hivyo, usome mkataba wa zamani kifungu kwa kifungu. Baadhi ya mikataba huipa kampuni hiari ya kurefusha muda kwa kulipa tu, bila kuhitaji saini yako, ingawa wakala anayekuletea karatasi ya kusaini huenda ni dalili kwamba hiari hiyo haimo. Angalia pia kama ardhi yako iliunganishwa na ya majirani kuwa eneo moja la uzalishaji, kwa sababu kisima kinachotoa mafuta kwa jirani ndani ya eneo hilo kinaweza kuuweka hai mkataba wako wote, hata kama kwako halijachimbwa hata shimo moja.

Jambo kubwa zaidi ni mrabaha. Moja ya nane, yaani asilimia 12.5, ni kiwango cha zamani, na katika maeneo yenye ushindani wenye ardhi wengi wa Texas hupata moja ya tano au hata robo. Chukulia kwamba ekari zako 160 zimo katika eneo la ekari 640: fungu lako ni robo ya eneo, hivyo kwa mrabaha wa moja ya nane utapata asilimia 3.125 ya mapato ya kisima, na kwa mrabaha wa robo utapata asilimia 6.25. Malipo ya kusaini hupokelewa mara moja, lakini tofauti hiyo hudumu kwa muda wote ambao kisima kitatoa.

Mfuatiliaji wa Visima

Nakubaliana naye, ila naongeza kwamba mrabaha mkubwa ulioandikwa vibaya unaweza kuliwa na makato ya kusafirisha na kusafisha gesi. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua, katika kesi ya Heritage Resources dhidi ya NationsBank, kwamba kifungu kilichokataza makato hakikuwa na nguvu, kwa kuwa mrabaha wenyewe ulihesabiwa kwa bei ya soko pale kisimani, yaani bei ambayo tayari imekwisha kuondolewa gharama hizo. Mwanasheria wako ahakikishe kwamba mrabaha unahesabiwa kwa bei halisi ya mauzo. Aidha, aweke kifungu kinachoitwa cha Pugh, ili ekari zisizoingizwa katika eneo la uzalishaji ziachiliwe muda wa awali unapokwisha.

Mwenye Shamba

Nawashukuru sana. Nimeusoma mkataba, na hiari ya kurefusha haimo. Hofu yangu ni kwamba nikikataa, huenda asije mwingine.

Mfuatiliaji wa Visima

Hofu hiyo ni ya haki, na sitaki kuipuuza. Ramani ya visima na vibali hutolewa bure mtandaoni na Railroad Commission (yaani Tume ya Reli), ambayo licha ya jina lake ndiyo inayosimamia mafuta na gesi Texas. Ukiona vibali vipya vimekuzunguka, dai mkataba mpya wenye masharti bora. Ukiona hakuna anayechimba karibu, basi watoto wana hoja nzito, nami ningechukua malipo ya kurefusha, mradi tu waongeze mrabaha na kuingiza kifungu cha Pugh.

Msomaji wa Mikataba

Vyovyote mtakavyoamua, Mama, usikabidhi hati iliyosainiwa kwa kupewa hawala ya benki itakayolipwa baada ya siku 30 ikiwa kampuni itaridhika na umiliki wako, kwani inaweza kuikataa na wewe ukabaki umefungwa. Hati ikae kwa mwanasheria mpaka fedha ziingie katika akaunti yako.