Je, barua peke yake inatosha kumwondoa afisa jeshini?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, mtumishi wa kawaida akichoka hutoa notisi, akakabidhi ofisi na kwenda zake. Afisa aliyetunukiwa kamisheni, akiona hakubaliani tena na wakubwa wake, je, barua yake ya kujiuzulu ni taarifa, au ni ombi linalosubiri ridhaa?

Mwanasheria Mstaafu: Ni ombi, na katika ukanda wetu kesi ya kusoma ni ya Meja Jenerali David Tinyefuza wa Uganda, ambaye baadaye alijulikana kama David Sejusa. Mwishoni mwa 1996 alilikosoa jeshi mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza vita vya kaskazini mwa nchi, na alipotakiwa kujieleza mbele ya uongozi wa juu wa jeshi, akamwandikia Rais kwamba anajiuzulu. Akajibiwa kwamba barua haikupita njia yake, kwa sababu kanuni za utumishi wa maafisa za 1993 zilitaka ombi lipelekwe kwenye bodi husika na likubaliwe. Mahakama ya Katiba ilimpa ushindi 1997, ikikubali kwamba kuteuliwa kwake kuwa mshauri wa Rais kulikuwa kumeshamtoa jeshini. Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo 1998, naye akahesabiwa bado ni mwanajeshi.

Binti Katiba: Shikamoo, mzee wangu. Huko si kumlazimisha mtu kazi asiyoitaka?

Mwanasheria Mstaafu: Marahaba, binti. Ibara ya 25 ya Katiba ya Uganda inakataza kazi ya kulazimishwa, lakini ibara hiyohiyo inatenga majukumu ya askari wa vikosi vya ulinzi. Mimi naona masharti ya ridhaa ni halali, ila mamlaka ingepaswa kubanwa kwa muda na kutoa sababu, la sivyo ombi la mkosoaji litakaa mezani hadi anyamaze.

Msomi wa Historia: Niongeze kwamba jambo hili halikuanzia kwetu. Robert E. Lee, afisa aliyekuja kuwa jemadari wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, aliandika barua ya kujiuzulu jeshi la Marekani tarehe 20 Aprili 1861, na kabla haijakubaliwa rasmi tarehe 25 alikuwa ameshapokea uongozi wa majeshi ya Virginia, jimbo lake la Kusini. Maafisa wengi wa Kusini walifuata njia hiyo, hata Agosti mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba afisa atakayeacha kituo chake bila ruhusa, kwa nia ya kutorudi, kabla ya kuarifiwa kwamba ombi lake limekubaliwa, ataandikwa kuwa mtoro.