Naomba ushauri: Mwaloni ndani ya Minecraft

Habari zenu wakuu. Mimi na vijana wenzangu wa Kirumba tunaijenga Mwanza ndani ya Minecraft, ule mchezo wa simu na kompyuta wa kujenga kwa matofali, tofali moja kwa mita moja. Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, limetutoa jasho: kwa kipimo hicho halipati mviringo, linabaki ngazi ngazi. Tumejaribu kukuza mji wote mara mbili. Mawe yakapendeza, lakini nyumba za mlimani Mabatini zikawa kama maghala.

Kinachonisumbua zaidi ni soko la samaki la Mwaloni. Mabanda yapo, mitumbwi ipo, watu ndio hakuna. Tukaweka wanakijiji wa mchezo wenyewe na mapipa ili wawe wavuvi (kwenye mchezo, mwanakijiji asiye na kazi akipata pipa anakuwa mvuvi). Wamekuwa wavuvi kweli, ila wanalipana kwa zumaridi (tajiri gani huyo wa Mwaloni!) na samaki wao ni samoni na wenzake. Dagaa hakuna, sangara hakuna.

Naomba kujua: sura za samaki zinabadilishwaje bila kila anayeingia kupakua faili zito? Wengi wetu tunatumia simu na bando dogo. Na mawe yale, mngeyajenga kwa kipimo gani bila kuharibu nyumba?