Mwalimu kasema binti yangu ana "IQ ndogo". Nifanyeje?

Wakuu, habari zenu. Binti yangu yuko darasa la tatu, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Tulipoitwa kuchukua ripoti, mwalimu akaniambia mbele ya wazazi wenzangu, "Huyu IQ yake ndogo, msimlazimishe." Hajapimwa chochote, ni alama za mtihani tu. Nyumbani ndiye anayemsaidia mama yake gengeni: chenji hakosei, na madeni ya wateja anayo kichwani. Mama yake hana raha tangu siku hiyo. IQ ni nini hasa?

Bibi Tunda: Pole baba. Mbele za watu tena!

Kalamu ya Risasi: Mkuu, mtaani IQ imeshakuwa tusi, hata anayekosea pasi uwanjani anaambiwa hana IQ. IQ ni alama anayopata mtu kwenye kipimo cha uwezo wa kufikiri, na kipimo chenyewe kina utaratibu. Mwaka 1905, Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, na Binet alipinga wazo kwamba akili ya mtoto haiongezeki. Siku hizi mtoto analinganishwa na wa rika lake: wastani ni 100, na takriban theluthi mbili ya watu wako kati ya 85 na 115. Anayepima ni mwanasaikolojia, anakaa na mtoto ana kwa ana. Kamuulize huyo mwalimu: kipimo gani, nani kapima, kwa lugha gani?

Mzee wa Busati: Mnampa moyo bure. Akili ni ya kuzaliwa, wazito wapo.

Kalamu ya Risasi: Kurithi kupo, Mzee. Ila karne ya 20 alama za IQ zilipanda kizazi hadi kizazi katika nchi nyingi. Damu peke yake haielezi hilo.

Dada Mkubwa: Mimi nashika hapo kwenye lugha. Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, ukimpa hesabu ya mafumbo kwa Kiingereza, atakwama kwenye Kiingereza kabla hajafika kwenye hesabu. Mpe swali hilohilo kwa Kiswahili umuone. Halafu, darasani anakaa wapi? Macho na masikio alishapimwa?

Mleta mada: Anakaa nyuma kabisa. Na TV huisogelea mpaka tunamfokea. Macho hatujawahi kupima.

Dada Mkubwa: Haya, anza na hospitali, kapime macho. Shuleni nenda ukiwa na majibu mkononi, na uombe asogezwe mbele.